Vyondo vya Kibugu

Nyumba mpya, upande wa Migori
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Muga sana, Mama, nikusalimu kwanza kwa Kimeru. Natumaini barua hii itakukuta umeketi nje penye jua, goti limepoa, na ng'ombe anatoa maziwa ya kutosha chai yako na ya wale wote wanaokuja kwako saa nne wakijifanya wanapita tu. Goti linasemaje siku hizi? Na yule ng'ombe mwenye madharau, amekubali kukamuliwa na Mwenda, au bado anangoja mtu mwenye mikono ya heshima? Sisi huku ni wazima. Joto ni jingi, mbu wana bidii ya kazi, lakini tunakula, tunalala, na tunamshukuru Mungu.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe simu unaishika mbali na sikio kama kaa la moto, halafu unasema mimi ndiye sisemi. Mwenda atakusomea. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kimeru nakisema vizuri ila kalamu yangu haikusomeshwa Kimeru. Mwenda akikugeuzia asiongeze yake, na asiruke pale nilipomtaja. Nitajua.

Uliniuliza mbona tulisema tunaondoka Kibugu Jumatatu na tukaondoka Alhamisi, na mbona kaka yangu alikwambia eti tulichelewa kwa sababu lori lilikwama kwa matope. Mwenda alisema hivyo kunisitiri. Lori halikukwama. Tulichelewa kwa sababu ya vyondo, naam, vikapu vya kusuka, na kosa lilikuwa langu, na kidogo lilikuwa lako pia wewe uliyenilea.

Unajua Baba Kendi alipata kazi huku kwenye kiwanda cha sukari, baada ya miaka yote ile ya kutengeneza mashine za kiwanda cha chai. Watu wa Kibugu walimtania sana. Walisema sasa ametoka kwa majani ameenda kwa sukari, akihamishwa tena atapelekwa kwa maziwa, na hapo atakuwa amekamilisha kikombe. Yeye alicheka. Mimi nilicheka pia, lakini rohoni nilikuwa na neno.

Nilikuwa na woga, Mama. Kibugu tulifika Kendi akiwa mgongoni mwangu, na sasa yuko chuo na viatu vyake vinanishinda kwa ukubwa. Lakini muda wote ule hatukununua hata kipande cha ardhi. Nyumba ilikuwa ya kupanga, ya mbao na mabati, mali ya Mzee Ireri. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza yake, mboga zangu zilimea kwenye udongo wake. Nilijiuliza: tukishafunga mlango ule, tumebaki na nini Kibugu? Ndugu hatuna, shamba hatuna, kaburi hatuna. Wewe mwenyewe ulizoea kuniambia mtu wa kupanga hata akikaa mpaka mvi, ni mgeni aliyechelewa kuondoka. Nilitaka sana kujua kama ulisema kweli, na niliogopa kujua.

Basi Jumapili ile ya mwisho kanisa lilituaga. Tulipewa blanketi na chupa ya chai, tukasimamishwa mbele. Mzee Ireri, ambaye ni mwenye nyumba na tena ni mzee wa kanisa, alipewa nafasi ya kusema maneno machache. Alianza vizuri, akasema milima haikutani lakini binadamu hukutana. Kutoka hapo akaingia kwa suruali niliyomshonea wakati wa harusi ya kijana wake, akasema ilimbana hivi kwamba alisikia ibada yote akiwa amesimama, watu wakadhani ana heshima nyingi. Kanisa lilicheka mpaka mchungaji akatoa kitambaa. Akamaliza kwa kusema, "Mama Kendi tumemsamehe, aende kwa amani." Nikaketi nikifikiria: kumbe miaka hii yote nitakumbukwa kwa suruali.

Jioni hiyo wakaanza kuja na vyondo.

Wa kwanza alikuwa Mama Nyaga. Unamkumbuka, ndiye jirani aliyekushika mkono ukishuka ile ngazi ya kwetu ulipokuja kutuona, yule anayechuma chai kwa mikono miwili huku mdomo ukifanya kazi ya tatu. Mama Nyaga hakuwa anabisha hodi kwangu. Alikuwa anaingia jikoni, anafunua sufuria, anaangalia, anafunika, ndipo anasalimia. Alileta kiondo cha nduma, akasema ni za kula njiani. Nyuma yake akaja mwingine na ndizi, mwingine na viazi, mwingine na maharagwe ndani ya karai. Kufikia usiku kuingia jikoni kulikuwa na vyondo vya watu vimejipanga ukutani kama wagonjwa wanaongoja daktari.

Sasa Mama, wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba chombo cha mtu hakirudi kwake kikiwa kitupu. Hata kama ni kijiko cha chumvi, hata kama ni kiganja cha mboga, weka kitu. Na ulinifundisha pia kwamba mwanamke akihama na vyombo vya watu, jina lake linabaki nyuma likisemwa. Mimi nilikuwa tayari nimehesabiwa mgeni. Sikutaka kuwa mgeni mwizi.

Lakini nirudishe na nini? Mboga zangu nilikuwa nimempa Mama Nyaga zikiwa shambani. Kuku nilikuwa nimewagawa. Unga, chumvi na sukari vilikuwa ndani ya maboksi na maboksi yamefungwa kwa kamba. Nikafungua boksi la jikoni. Nikatoa sukari kwa huyu, unga kwa yule, kipande cha sabuni kwa mwingine, nikazunguka Jumatatu asubuhi nikirudisha. Baba Kendi alirudi kutoka kuwaaga wenzake kiwandani akakuta kamba zimetapakaa.

"Mama Kendi, tunapakia ama tunapakua?"

"Narudisha vyombo za watu."

"Na lori ni saa nane."

"Mwambie akuje kesho."

Alimpigia dereva. Dereva akasema amewahi kuahirishwa kwa sababu ya msiba, na kwa sababu ya mvua, lakini vyondo ndiyo mara yake ya kwanza.

Nilidhani nimemaliza. Jioni ya Jumatatu Mama Nyaga akarudi. Kiondo kilekile, safari hii kimejaa viazi mpaka vingine vinaanguka. Nikashukuru, nikaona huo ni upendo umezidi. Nyuma yake wakaja wengine, kila mmoja na kiondo nilichokuwa nimemrudishia mchana. Kila nilichorudisha kilikuwa kimerudi kikiwa kizito zaidi.

Jumanne nikamtuma Baba Kendi mjini Embu kununua vitu vya kurudishia. Alitazama nyumba tupu, akatazama vyondo, akaniuliza kama tunahama au tunafungua duka. Alienda hata hivyo, njiani akimpigia dereva asogeze siku tena. Alirudi na sukari, majani ya chai, ambayo kuwapelekea watu wa Kibugu ni kama kumpelekea samaki maji, na ndengu alizonunua kwa mama mmoja wa Kiritiri aliyemwapia kwamba hazina wadudu. Zilikuwa na wadudu wenye afya nzuri sana. Nilizichagua punje kwa punje, nikajaza vyondo, nikazunguka tena. Nilirudisha kila kitu. Nilirudisha hata kifuniko cha sufuria cha Mama Nyaga ambacho kilikuwa kwangu tangu Kendi akiwa darasa la pili, na ungo wa jirani wa juu ambaye alikuwa amesahau kabisa kwamba aliwahi kuwa na ungo.

Na hapo ndipo nilipoanza kuona mambo hayaendi sawa. Watu walikuwa wananipokea kwa upole ambao sikuuzoea. Wanasema, "Asante, Mama Kendi, asante sana, barikiwa," halafu basi. Hakuna aliyeniambia keti. Mmoja alichukua kiondo chake mlangoni kama anayepokea barua ya kortini. Jioni Mama Nyaga alikuja tena, lakini hakuingia. Alisimama nje kwenye ukungu akasema, "Hodi hapa."

Mama Nyaga, hodi! Nilitoka nikidhani kuna mtu amekufa.

Alikuwa na kiondo mkononi, na kichwa cha kuku kimetokeza nje. Nilipomwangalia vizuri yule kuku, alikuwa wangu. Yule mwekundu mwenye kidole kilichokatika, niliyempa Mama Nyaga mwenyewe wiki iliyotangulia. Kuku pia alinitambua, akageuza shingo.

"Huyu ni wenu," Mama Nyaga akasema, bila kutabasamu. "Mchukue."

Akaenda zake.

Jumatano nzima nilikaa nikifikiria. Unamrudishia nini mtu aliyekurudishia kuku uliyempa? Baba Kendi alisema suluhisho ni kumla kuku. Mimi nikafungua cherehani iliyokuwa imefungwa kwa gunia, nikatafuta vitambaa vilivyobaki, nikakuta kile cha maua ya bluu nilichokuwa nimejiwekea. Mwili wa Mama Nyaga naujua bila kupima. Nikakata gauni, nikalishona siku hiyohiyo, nikaweka mifuko miwili mikubwa kwa sababu yeye hapendi gauni lisilo na mahali pa kuweka ufunguo. Nilishona kwa moyo wangu wote. Nilijisemea, hata kama nitasahauliwa, hili litabaki likimzunguka.

Alhamisi asubuhi lori lilikuja. Vijana wa kiwandani wakaanza kupakia, na mimi nikachukua kile kiondo cha mwisho, gauni limekunjwa ndani, nikashuka kwa Mama Nyaga. Nilikuwa nimefurahi, Mama. Nilijiona nimeshinda. Nilikuwa naondoka Kibugu bila chombo cha mtu hata kimoja.

Alifungua, akatoa gauni, akalinyoosha mbele ya mwanga. Halafu akalitupa begani akaniangalia na macho yamejaa maji.

"Mama Kendi, mimi nilikukosea nini?"

"Kunikosea? Mama Nyaga, wewe umenifanyia mazuri tupu."

"Basi kwani huko kwenu Meru watu huagana hivi? Unarudisha kiondo, unarudisha karai, unarudisha mpaka kifuniko ya sufuria! Mtu hurudisha vitu zote za watu wakati mmoja tu. Wakati hataki kuonana na wao tena!"

"Nilikuwa naogopa mseme nimeenda na vitu zenu."

"Si uende nazo!" Alipiga kelele mpaka mbwa wake akaingia chini ya ghala. "Hiyo ndiyo tunataka! Ukienda na kiondo yangu najua utarudi. Hata ukikaa huko miaka, nitakuwa nasema, ile kiondo yangu iko na Mama Kendi, siku moja ataileta. Sasa umelipa yote kama mtu wa duka. Utarudi Kibugu kufuata nini? Nimeleta nduma, umerudisha. Nimeleta viazi, umerudisha. Nimeleta mpaka kuku! Nikasema basi, huyu ametuchoka, hataki tuwe na neno na yeye."

Mama, nilisimama pale nikaelewa nilichokuwa nikikifanya. Siku tatu nzima, na adabu zangu zote, nilikuwa nimezunguka kijiji nikiwaambia watu mlango kwa mlango kwamba sitaki kuwaona tena. Na wao siku tatu nzima walikuwa wananibembeleza. Nililia. Nisikudanganye kwamba nililia kistaarabu. Mama Nyaga akalia, akajipangusa na gauni jipya, kisha akaona anachofanya akajipangusa na la zamani.

"Nipe kiondo," nikamwambia.

"Ati?"

"Nipe kiondo yako, Mama Nyaga. Naenda nayo."

Alinitazama kuona kama nafanya mzaha. Kisha akanishika mkono, akanivuta, tukatoka mbio. Huko juu dereva alikuwa ameanza kupiga honi. Tukazunguka nyumba kwa nyumba, Mama Nyaga mbele, akitangaza juu ya ua kabla hatujafika: "Hajakataa! Alikuwa hajui! Ni mambo ya Meru! Leteni vyondo!"

Najua Mwenda amecheka hapo. Aendelee kusoma.

Lakini kuna jambo tulilosahau, Mama. Kama chombo hakirudi kitupu, pia hakitoki kitupu. Hakuna mwanamke aliyekubali kunipa kiondo bila kitu ndani. Wakarudisha nduma. Wakarudisha ndizi. Mmoja aliweka kabeji kubwa hivi kwamba kiondo kilikataa kufunga. Yule wa ungo aliniletea ungo wake, mahindi juu yake, akasema, "Huu nilishausahau mara moja, naweza kuusahau tena." Tulipanda kilima tukiwa msafara, wanawake wamebeba mizigo mgongoni na kamba kichwani, wote wakiongea kwa wakati mmoja kama zamani. Dereva alituona tukitokea akazima honi, akaweka mikono kichwani.

"Mama, gari imejaa!"

"Hii ni vitu kidogo tu," Mama Nyaga akamwambia. "Wewe ni dereva ama ni mzani?"

Mzee Ireri alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake, akikagua kama tumeacha misumari ukutani. Alipoelezwa ni nini kinaendelea alifikiria sana, akasema yeye ni mwanamume na hana kiondo. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jembe, mpini umelainika kwa kushikwa.

"Chukua hii. Lakini ni yangu. Nitaihitaji."

Unajua wanavyosema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimekuwa mgeni wa Mzee Ireri muda wote huo, na jembe nikapewa siku ya kuondoka. Nilitaka kumtania kwa methali hiyo, nikashindwa. Nikamwambia tu kwamba akipunguza chakula ile suruali itamtosha. Akasema nikija kuleta jembe nije na sindano, niilegeze.

Tukaondoka. Baba Kendi aliketi mbele amepakata kuku, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kumweka na Mama Nyaga alikataa katakata kumchukua. Mimi nilikuwa na kabeji. Tulipita Embu, tukapita Nairobi, kuku akiangalia nje kwa makini kuliko sisi. Tulipokuwa tukiteremka bonde, Baba Kendi aliniuliza kama sasa nimeridhika. Nikamwambia ndiyo. Akasema yeye pia ameridhika, ila paja lake limekufa ganzi na suruali yake imeharibika kwa njia ambayo hataki kuieleza.

Huku tumepata nyumba ya vyumba viwili karibu na kiwanda. Udongo ni mweusi, mvua ikinyesha unashika kiatu na kubaki nacho. Watu ni wakarimu na wana sauti kubwa, na mimi nimeanza kupata nguo za kushona. Siku ya pili alikuja jirani mmoja, Mama Akinyi, na bakuli la dagaa, akatukaribisha. Mama, nilipokea lile bakuli nikaogopa hata kuliweka chini. Sijui desturi ya hapa. Nikilirudisha ni adabu au ni matusi? Nikilishika ni urafiki au ni wizi? Kwa sasa nimelirudisha nusu: nilimpelekea viazi vya Kibugu ndani ya karatasi, bakuli likabaki kwangu. Baba Kendi anasema nimekuwa mwanasiasa.

Vile vyondo nimevitundika kwenye misumari ukutani, vyote, kwa sababu hakuna mahali pengine. Ukiingia ndicho kitu cha kwanza unachoona. Mama Akinyi aliketi, akavitazama kimoja kimoja, akavutiwa na kile cha Mama Nyaga chenye mistari myekundu. Akaniuliza kama nauza.

Nikasema hapana, ni vya watu.

"Watu gani?"

"Watu wa kwetu," nikamjibu.

Neno lilinitoka kabla sijalifikiria, Mama. Usinikasirikie. Kwetu ni kwako, na kwako ndiko nilikozaliwa, na hakuna anayeweza kunitoa huko. Lakini sikuwa nikisema Meru. Nilikuwa nikisema Kibugu, na nilipolisema nikaona ni kweli, wala sikulirekebisha.

Nisalimie kaka yangu Mwenda, ingawa anasoma haya mwenyewe na atajisalimia kwa sauti ya kubembeleza. Msalimie mkewe, umwambie kitambaa cha sare za watoto nitakituma. Msalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, na mchungaji, na yule binamu anayekuja kuonja chai yako kila siku saa nne. Kendi atakuja kukuona likizo. Usimpe maziwa yote. Na lipake mafuta goti hilo, hata kama unasema yananuka.

Mimi mwanao akupendaye, niliyelelewa vizuri kupita kiasi,

Kagendo, Mama Kendi